Asiyekula nyama ale nini Songea?

Mkoa wa Ruvuma ni mmoja wa mikoa michache inayotegemewa kuilisha Tanzania. Mahindi yake hujaza maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), na bado yakabaki ya kupakiwa kwenye malori kwenda mikoa mingine. Maharage ya Mbinga yana jina hadi Dar es Salaam. Tunduru na Namtumbo hupeleka mnadani mbaazi, ufuta na soya kupitia vyama vikuu vya ushirika vya TAMCU na SONAMCU, na mvua zikishakolea, uyoga wa msituni hupangwa kwa mafungu kandokando ya barabara. Hata hivyo, mtu asiyekula nyama akiingia kwenye hoteli ya kawaida mjini Songea, iwe Mfaranyaki, Lizaboni, Bombambili au karibu na Soko Kuu, chakula atakachoambiwa kipo ni wali maharage au ugali maharage. Akienda baa ya nyama choma atapata chips kavu na kachumbari. Akipanda hadhi kidogo, akakaa kwenye mgahawa wenye menyu iliyochapwa, atasoma kuku wa kukaanga, wa kuchoma na wa mchuzi, kisha ng'ombe, mbuzi na samaki kwa mpangilio huohuo, na mwishoni kabisa mstari mmoja wa wali na mboga, ambao mara nyingi mhudumu hulazimika kwanza kwenda kuulizia jikoni kama unapatikana.

Ninaloshikilia katika makala haya ni kwamba uhaba huo hausababishwi na ukosefu wa chakula, wala wa ujuzi wa kupika. Unasababishwa na namna tulivyoipa nyama mamlaka ya kuamua thamani ya sahani nzima. Anayeumia si yule mtu mmoja anayekataa nyama peke yake. Anaumia pia mkulima wa mbaazi wa Tunduru, mama lishe anayebanwa na bei ya buchani, na mlaji wa kawaida ambaye siku nyingi hana uwezo wa kununua kitoweo cha nyama, kwa hiyo hupewa chakula ambacho hakuna aliyejisumbua kukipika vizuri.

Tuangalie sahani inavyojengwa. Kwenye genge la mama lishe, chakula huitwa kwa jina la kitoweo chake: wali nyama, wali kuku, ugali samaki. Bei hufuata hapohapo. Mboga za majani hazina bei yake, ni kijiko kimoja kinachowekwa pembeni bila kuulizwa, na kitu kisichokuwa na bei hakimpi mpishi sababu ya kukihangaikia. Ndiyo maana matembele yaleyale ambayo nyumbani yangeungwa kwa karanga zilizotwangwa, hotelini huchemshwa na chumvi, yakakaa juu ya jiko hadi yabadilike rangi. Maharage nayo yamepangiwa daraja la mwisho, chakula cha asiye na hela, na hupikwa kwa makadirio hayo: yanabandikwa asubuhi, yanaongezwa maji mchana, na jioni ni mchuzi mwekundu wenye punje chache. Kisha huja upawa. Ule uliotoka kwenye sufuria ya nyama ndio unaoingia kwenye maharage, na mara nyingi mpakuaji, kwa ukarimu kabisa, humwagia mchuzi wa nyama juu ya wali wa mteja aliyeagiza maharage ili asile mkavu. Pilau imekwishaivia kwenye supu ya ng'ombe. Kiungo cha pakiti kilichotiwa kwenye kabichi kina ladha ya ng'ombe vilevile. Hivyo hata ule uchaguzi mmoja uliobaki, asiyekula nyama hawezi kuwa na uhakika nao.

Swali la kwanza ambalo mwenye hoteli atauliza ni la haki: hao watu wako wapi? Wapo, na wengi wao ni wenyeji wa nchi hii. Kanisa la Waadventista Wasabato huwahimiza waumini wake kula vyakula vya mimea, ingawa halilazimishi, na Usabato una mizizi mirefu Upare, ulikofika mwaka 1903, na katika mkoa wa Mara. Mwalimu au muuguzi aliyelelewa hivyo akipangiwa kituo Songea hufika na imani yake. Wapo Wahindu, wapo Marastafari, wapo wagonjwa wa gauti na wa shinikizo la damu walioambiwa na daktari wapunguze nyama nyekundu, na wapo wasioipenda tu, ambao hawana sababu ya kumweleza mtu yeyote. Zaidi ya hao, Songea ni makao ya Jimbo Kuu Katoliki, na Peramiho, ambako Wabenediktini walianzisha misheni mwaka 1898, iko jirani kabisa. Sheria ya Kanisa humtaka Mkatoliki aliyetimiza miaka 14 ajinyime nyama Jumatano ya Majivu na Ijumaa za Kwaresma. Maana yake, kila mwaka kwa wiki kadhaa sehemu kubwa ya wateja wa hoteli za mji huu inatakiwa kuiacha nyama kwa siku moja nzima ya kila wiki. Kwa sasa pengo hilo huzibwa na samaki na dagaa, ambao Kanisa linawaruhusu, na hoteli zinapita bila kubadilisha chochote jikoni.

Ethiopia inaonyesha kinachoweza kutokea pale funga inapochukuliwa kama soko. Waumini wa Kanisa la Orthodoksi huko huacha nyama, maziwa na mayai kila Jumatano na Ijumaa, isipokuwa katika siku 50 baada ya Pasaka, na tena kwa siku 55 mfululizo kabla ya Pasaka yenyewe. Wapishi wa Addis Ababa hawakungoja mgeni wa Ulaya awaombe chakula cha mimea. Waliona kwamba mtu anayefunga naye anapata njaa saa saba mchana na ana fedha mfukoni. Matokeo yake ni sinia la injera lililopangwa mafungu ya shiro, dengu, kabichi, viazi na majani, chakula kinachouzwa kwa jina lake na bei yake, ambacho hata wasiofunga hukiagiza kwa hamu. Karibu zaidi na sisi, Uganda mchuzi wa karanga ni kitoweo kamili, mteja huutaja kama anavyotaja nyama. Mombasa mbaazi za nazi na mahamri ni kifungua kinywa ambacho watu hupanga foleni kukinunua. Nairobi githeri haioni haya kusimama yenyewe kwenye sahani. Hakuna hata kimoja kati ya vyakula hivyo vya Uganda na Kenya kinachohitaji kitu ambacho hakiuzwi katika Soko Kuu la Songea, hata nazi huletwa kutoka pwani.

Mbaazi zinastahili kuzungumziwa kwa kirefu, kwa sababu ndizo zinazoonyesha kwamba suala hili si la mezani tu. Mbaazi za kusini mwa Tanzania hulimwa hasa kwa ajili ya India, nchi ambayo mamilioni ya watu hawali nyama maisha yao yote na ambako mchuzi wa mbaazi zilizokobolewa huliwa karibu kila siku. Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje, ili kuwalinda wakulima wake. Bei huku kwetu iliporomoka vibaya, na wapo wakulima waliobaki na magunia ndani yasiyokuwa na mnunuzi. Mwaka 2021 mlango ulifunguliwa tena, bei zikapanda, na shangwe ikarudi minadani. Katika mzunguko wote huo, kupanda na kushuka, watu wa Songea walikuwa wakizungukwa na zao lenye protini nyingi kuliko nafaka yoyote wanayokula, na hoteli zao hazikuliuza. Sidai kwamba magenge ya Songea yangeweza kununua mbaazi ambazo India ilizikataa. Hayangeweza. Lakini zao lisiloliwa mahali linapolimwa humwacha mkulima wake mikononi mwa uamuzi wa waziri mmoja aliye mbali, na mlaji wa nyumbani, hata akiwa mdogo, ni mnunuzi ambaye hafungi mpaka.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya haya ninayosema ni kwamba watu huenda hotelini kula wasichokipata nyumbani. Kwa familia nyingi za Ruvuma nyama ni ya sikukuu, ya mgeni, ya mwisho wa mwezi. Mtu aliyekula ugali na mlenda wiki nzima ana kila sababu ya kutaka mishikaki akishika hela, na hakuna anayeruhusiwa kumdharau kwa hilo. Wangoni ni kizazi cha watu waliovuka Mto Zambezi mwaka 1835 wakiswaga mifugo, na heshima ya ng'ombe katika mahari na karamu haikuanza jana. Ninaikubali hoja hii kwa mtu anayetoka jioni na wenzake kwenda kustarehe. Haiwahusu, hata hivyo, walaji walio wengi zaidi, yaani dereva wa bodaboda, fundi, mwanafunzi wa chuo, karani na mchuuzi, ambao hula hotelini kila siku ya kazi kwa sababu nyumbani ni mbali au hakuna wa kupika. Kwao hoteli ndiyo jiko lao. Nyama ya kila siku hawaimudu, kwa hiyo wanakula maharage yaliyodharauliwa, kwa miaka.

Tena, mambo yamegeuka. Vyakula tunavyoviita vya nyumbani vinazidi kuwa vigumu kupikwa nyumbani. Makande, yaani mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja, huchukua saa nyingi jikoni, na mkaa au gesi inayotumika kuivisha sufuria ya mtu mmoja ni hasara tupu. Uyoga wa msituni unahitaji mtu anayejua kuuchambua, kuuosha mchanga na kuutenga ule wa sumu. Kisamvu kinatwangwa, kinachemshwa muda mrefu, kinaungwa kwa karanga au nazi. Kijana anayeishi chumba kimoja Msamala hatafanya kazi hiyo baada ya kutoka kazini, atakaanga mayai alale. Mama lishe anayepikia watu hamsini kwa moto mmoja anaweza, na gharama ya kuni kwa kila sahani ikawa ndogo. Kama hoteli ni mahali pa kula kile ambacho nyumbani hakipatikani, basi makande yaliyoungwa vizuri na uyoga wa karanga vimekwishafika kwenye orodha hiyo, na anayeviuza atawapata walaji wa nyama pia.

Wataalamu wa lishe wana swali lao, nalo ni zito. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Ruvuma, pamoja na maghala yake, iko juu ya wastani huo. Katika mkoa wa namna hiyo, kusifia chakula kisicho na nyama kunaweza kusikika kama kumwambia mwenye njaa aridhike. Niseme wazi: mtoto mdogo apewe yai, maziwa na dagaa kila inapowezekana, na makala haya hayamhusu. Mtu mzima aliyeacha kabisa mayai na maziwa naye lazima atafute vitamini B12 mahali pengine, kwa sababu mimea haina. Lakini udumavu wa mikoa inayolima sana haukuletwa na mbaazi. Kati ya yanayochangia ni ugali mwingi wenye kitoweo kidogo na kisichobadilika, na hapo kitoweo cha mimea kilichopikwa kwa heshima ni sehemu ya dawa. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, maharage yanayo kwa wingi. Maharage yanapungukiwa na methionini, mahindi yanaijazia. Makande ni chakula kamili kuliko sifa tunayoyapa.

Wamatengo wa Mbinga wameyaishi haya shambani kabla hayajaandikwa vitabuni. Kwenye miteremko mikali ya milima yao hufyeka nyasi, wakazilaza katika mistari inayokatana kama nyavu, kisha wakachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi hizo. Kunabaki vishimo vilivyozungukwa na matuta, na hiyo ndiyo ngoro. Mvua inaingia shimoni, udongo hauporomoki, na nyasi zinaozea chini kuwa mbolea. Juu ya matuta hayo hupandwa maharage mvua zinapoelekea mwisho, na msimu unaofuata hupandwa mahindi. Udongo na tumbo vinalishwa na mazao mawili yaleyale, kwa zamu. Jambo hili limewavutia watafiti kutoka mbali, hasa Japani, na ni haki yake. Inasikitisha kwamba msafiri anayepita Mbinga kwenda Mbamba Bay anaweza kusifia mashamba hayo kupitia dirisha la basi, kisha akashuka kula na asikute sahani hata moja inayoyatendea haki mazao yake.

Kuna wanaosema kutenganisha vyungu ni usumbufu ambao hoteli ndogo haiwezi kuubeba. Wanaosema hivyo wanasahau kile ambacho Tanzania imekwishafanya kwa muda mrefu bila kusukumwa. Kazi ya kuchinja kwa biashara imeachwa zaidi kwa Waislamu ili nyama ya buchani iliwe na watu wa dini zote. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, kina jiko lake, kikaango chake, kisu chake, na mara nyingi hata banda lake, na mwenye baa anajua kwamba siku akikaangia chips kwenye mafuta ya kitimoto, nusu ya wateja hawatarudi. Hakuna anayeona hilo kuwa usumbufu, ni adabu ya kuishi pamoja. Anayeomba maharage yasiyochotwa kwa upawa wa nyama anaomba kidogo sana kuliko hapo: upawa wa pili, mafuta safi, na jibu la kweli anapouliza mchuzi umetiwa nini. Jibu la kweli, kwa maoni yangu, ndilo muhimu kuliko yote. Mteja aliyeambiwa bila kuficha kwamba pilau imepikwa kwa supu ataagiza kitu kingine na kesho atarudi. Aliyedanganywa kwa nia njema, akagundua kipande cha nyama katikati ya wali, ameguswa mahali ambapo kwa wengine ni pa imani.

Suala la umaskini wa hoteli ndogo linanigusa, na sitaki mzigo uwekwe kwa mama lishe peke yake. Yeye ndiye atakayefaidika haraka zaidi, kwa kuwa fedha inayonunua kilo ya nyama hununua mbaazi au maharage ya kulisha watu wengi zaidi, na mbaazi ambazo hazijapikwa zikibaki hazimpi hofu ya kuharibika usiku mmoja kama nyama ambayo haikuuzwa. Lakini hawezi kubahatisha sufuria nzima ya chakula ambacho wateja wake wamezoeshwa kukiona cha kimaskini. Wenye uwezo wa kutangulia ni wale wanaolisha watu kwa fedha za umma na za mashirika. Semina na vikao vinavyofanyika katika kumbi za Songea hulipiwa chakula, na chakula hicho karibu wakati wote ni pilau ya nyama, kuku na ndizi, na asiyekula nyama huishia kwenye kachumbari na soda. Mwenye mkutano anaweza kuandika katika barua ya kuagiza chakula kwamba pawepo kitoweo kimoja cha mimea kilichopikwa chenyewe, kiwe mbaazi, kisamvu cha karanga au uyoga kwa msimu wake, chenye upawa wake na jina lake mezani. Ni sentensi moja, na haiongezi bajeti. Wapishi wakikizoea kwenye kumbi watakipeleka kwenye hoteli zao, na maofisa waliokionja huko watakiulizia mchana wa kawaida.

Kila Februari 27 mji huu hupokea wageni wanaokuja eneo la Mahenge, hapa mjini, kuwakumbuka mashujaa wa Maji Maji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Mara nyingi Kwaresma huwa imeanza au inakaribia, mahindi mabichi na maboga yapo shambani, na uyoga bado upo sokoni. Wageni hao hulishwa na kamati, kwa zabuni, kwa orodha inayoandaliwa wiki kadhaa kabla. Sentensi ile inaweza kuanzia kwenye orodha hiyo.